Moshi wa Mchana wa Ramadhani

Mtongwe, Likoni.
Kumi la mwisho la Ramadhani,
Januari 1999.

Kwa dada yangu Mwidani,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nataraji barua hii itakukuta umekaa kwenye mkeka wako hapo Msambweni, wanafunzi wako wa chuoni wamekuzunguka na juzuu zao, na lile goti limekupa nafasi ya kusujudu bila kuguna. Je, ile dawa ya mafuta ya habasoda ilikufaa? Na shemeji kifua chake kikoje na baridi hizi za alfajiri? Nakuombeeni nyote saumu njema, Mwenyezi Mungu azipokee. Sisi huku tuko wazima kwa uwezo wake. Mume wangu Rama hajambo, sauti yake ya adhana ilikwaruza kidogo mwanzo wa mwezi lakini imerudi. Anakusalimu na kukuombea mema.

Usiulize ni nani aliyeniandikia. Nimeandika mwenyewe kwa ile elimu yangu ya gumbaru, ya ukubwani, kwa hivyo hati ikipanda mlima na kushuka, nisamehe. Mambo mengine hayaandikishwi kwa mtoto wa mtu.

Barua yako nimeipata. Imeletwa na jirani yangu Mwanatabu, aliyetoka kuwasalimu jamaa zake huko kwenu. Nimeona ajabu kidogo, maana aliyekupelekea habari zangu ndiye aliyenirudishia jibu, na alipokuwa akinipa bahasha macho yake yalitazama paa la banda langu la jiko.

Umeniuliza kwa kalamu kali. Umesema, ni kweli kwamba nyumba ya muadhini inatoka moshi mchana wa Ramadhani? Ni kweli kwamba Mwanasaumu, msichana aliyekwisha vunja ungo, analishwa uani na watu wanaona? Na ukasema ukija Idi utaondoka naye, ukae naye kwako, umsomee na umfungishe siku zote alizokula, kwa sababu ukoo wetu hauna asili hiyo.

Dada, ni kweli. Moshi ni wangu, na aliyewasha moto ni mimi. Mwanatabu hakukuongopea. Ila aliuona moshi tu, hakuona kilichokuwa chunguni, na ndiyo sababu nimekaa nikuandikie. Nakuomba usiikunje barua hii katikati. Isome mpaka mwisho, kisha uamue kama utakuja na hasira au utakuja na mkeka wako tu kama siku zote.

Yote yalianza na jambo jema, na hilo ndilo lililotupumbaza. Ramadhani iliyopita ilipokwisha, Mwanasaumu akaunganisha na sita za Shawwal. Nani asiyefurahi? Zilipokwisha akashika Jumatatu na Alhamisi. Kisha akasema ana siku zake za kulipa, na nyingine za miaka ya nyuma asizokuwa na hakika nazo, bora azilipe zote. Magharibi ikiingia anasema kafuturu kwa mwenzake, kaonja tende, kashiba maji. Rama akawa anamtaja kwa wazee wenziwe baada ya swala ya alasiri. Mimi nikakuandikia wewe kwa majivuno, nawe ukamletea leso ya kumtunza. Mtaa mzima ulikuwa ukimsifu. Kwetu sisi mtoto asiyekula ama ni mgonjwa ama amefunga, na huyu alikuwa amefunga, basi tukalala usingizi.

Na buibui linasitiri mengi. Siku ya hina katika harusi ya binti yake Mwanatabu, mpakaji hina, mama mmoja wa Kidigo anaitwa Nyamvula, aliuvuta mkono wa Mwanasaumu kutoka kwenye buibui ili ampake. Akaushika, akaugeuza. Kisha akaniita mbele ya wanawake akaniuliza huyu mtoto namlisha nini, chelewa za ufagio? Wanawake walicheka. Hata mimi nilicheka, wallahi, mpaka nilipoutazama ule mkono. Nikaona kiwiko cha mtoto wangu kama sijapata kukiona. Nikajifunga leso vizuri, nikamwambia twende nyumbani.

Haukupita muda akaanguka shuleni, kwenye paredi. Tukavuka naye feri hadi hospitali ng'ambo, kichwa chake kwenye paja langu, na watu wakitupisha njia. Kabla ya hapo nilikuwa nimempa dawa ya minyoo, na Rama alikuwa amemwandikia kombe la aya. Kombe alilinywa lote bila kusitasita, kwa kuwa maji ya zafarani hayana chakula ndani yake. Hilo nalijua sasa.

Daktari alituambia kwamba moyo wake umechoka, na kwamba huu ni ugonjwa wa akili unaojificha kwenye sahani. Si wazimu, si jini, si ukaidi. Nilikasirika. Nikamwambia kwamba huku kwetu watu wanatafuta unga, ugonjwa wa kukataa chakula waachiwe Wazungu. Alinijibu taratibu kwamba ugonjwa haukuniuliza natoka wapi. Akalazwa, na mtihani wa kidato cha nne ukampita akiwa kitandani. Sikukuandikia hayo. Nilikwambia ni malaria.

Alipotoka wodini tukapelekwa kwa Bi Pascalia. Huyu ni Mtaita, mnene, akicheka hucheka kwa mabega. Alikwenda kusoma nchi za mbali akarudi na mafunzo mapya, na kila wiki tunakaa chumbani kwake, wasichana na mama zao, kwenye mabenchi. Mafunzo yenyewe yana jina refu la Kizungu, akatuambia tusijisumbue nalo. Yeye huyaita stadi tu. Alisema ni kama kusuka ukili: hakuna azaliwaye anajua, na huwezi kufundishwa kwa maneno, ni mpaka vidole vikosee kwanza.

Neno lake la kwanza lilinikera. Alisema mwanangu anajitahidi kwa kadiri awezavyo, na pia inambidi ajitahidi zaidi. Nikamwambia, mwalimu, chagua moja. Wanawake wakacheka. Akasema hachagui, yote mawili ni kweli, na kazi yetu ni kukaa na mambo mawili yanayovutana bila kulitupa moja. Nilirudi nyumbani nikimwambia Rama kwamba tunavuka feri kwenda kusikiliza mafumbo.

Lakini nilikwenda tena, maana Mwanasaumu alitaka kwenda. Na taratibu yakaanza kuniingia. Alitufundisha kwamba ile hofu inayomshika mtoto mbele ya chakula haikai pale pale. Hupanda, ikafika juu kabisa, kisha ikashuka yenyewe, mradi asiikimbie na asipigane nayo. Wasichana hawakuamini. Mimi niliamini mara moja, kwa kuwa nimezaa. Nikamwambia mwanangu kwamba uchungu wa kuzaa ndivyo ulivyo, ukiwa juu unasema hapa ndipo ninapofia, na mara unakuachia upumue. Bi Pascalia akasema basi mimi ndiye mkunga wake. Tangu siku hiyo hofu ikimpanda mezani hatuiiti hofu, tunaiita uchungu, na mimi namwambia pumua, huo unakuja, huo unapita.

Akatufundisha kushika kipande cha barafu mkononi hofu inapozidi, ili mwili upate jambo jingine la kushughulika nalo. Barafu naichukua kwa Kioko, muuza samaki wa hapa njia panda. Mwezi ulipoingia akawa ananitania, ati mke wa muadhini kaja kutafuta barafu saa sita, futari yake imewahi? Mimi hucheka nikashika njia. Kioko hana ubaya, na kipande hunichagulia kikubwa.

Lililonishinda zaidi lilikuwa la ulimi. Unanijua dada, mimi nikiwa na hofu husema maneno ya kukata. Nilikuwa nikimwambia Mwanasaumu anataka kuniua, ananitia aibu, hana shukrani. Bi Pascalia akanikataza. Alisema nitaje ninachokiona tu, nisikihukumu. Basi nikawa nakaa naye nasema, naona umeuweka mkono chini, naona unautazama mlango, naona tonge lipo. Siku moja mtoto akaniambia, "Mama, unatangaza kama mtu wa mpira redioni." Tukacheka wote wawili, na akala tonge lile akiwa bado anacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu harusi ile.

Sasa nije kwenye Ramadhani. Daktari alisema hafungi, wala siku moja. Bi Pascalia alisema dini si yake, twende tukawaulize wenye dini. Rama akamwendea imamu, na imamu akasema jambo hili liko wazi, mgonjwa amefunguliwa na Mola mwenyewe, na asiyeweza kulipa ana njia yake. Lakini Mwanasaumu alilia. Alisema yeye amezaliwa mwezi huu na akaitwa kwa mwezi huu, atakula usiku, atakula daku, tumwachie mchana tu. Ilikuwa vigumu, dada. Kumzuia mtoto anayelilia ibada, ilhali unajua kwamba ndani ya hiyo ibada kuna ule ugonjwa umekaa unamngoja. Tulimkatalia. Rama alimkatalia kwa machozi.

Rama akaniambia basi nipike, lakini nipike chumbani kwa jiko la mafuta taa, na mlango niufunge, kwa ajili ya watu. Nikafanya hivyo. Siku za mwanzo alikula gizani kama mwizi, mlango una komeo, mimi nimesimama nasikiliza nyayo za wapita njia. Chakula kikaanza kupungua. Nikaanza kuokota matonge yamefungwa kwenye pembe ya leso. Nilipomuuliza hakukana. Alisema, "Mama, chakula changu kikifichwa, nami nafichika pamoja nacho."

Nilikaa na neno hilo mchana kutwa. Bi Pascalia alikuwa ametufundisha kwamba aibu ikikwambia ujifiche, kwanza ujiulize kama umekosa. Kama umekosa, tengeneza. Kama hukukosa, fanya kinyume cha inavyokuamuru. Nikajiuliza, huyu mtoto amekosa nini? Mungu amemruhusu, imamu amesema, daktari amesema. Kesho yake nikatoa chungu nje, nikakusanya makumbi ya nazi, nikawasha moto kwenye mafiga uani jua likiwa kichwani. Moshi ukapanda juu ya ukuta wa makuti. Nikazidi kupuliza.

Mwanatabu hakuchelewa. Alisimama upande wake wa ua akasema kwa sauti ya kusikika, ati mwana wa saumu, na saumu haijui. Nikamwambia mgonjwa wangu anakunywa dawa yake, kama anataka thawabu aje anisaidie kupuliza moto. Hakuja. Alipanda basi la Msambweni.

Rama hakusema nami siku ile. Nilidhani kakasirika. Asubuhi yake, aliporudi msikitini baada ya alfajiri, nilimwona anapasua kuni, akazipanga kando ya mafiga, akaingia ndani kulala. Mpaka leo hatujalizungumza, na kuni hazijakatika.

Dada, laiti ningemalizia hapa. Ningekuwa nimekujibu ulichouliza. Lakini kuna jambo ambalo Mwanatabu hakuliona, na hukuniuliza kwa kuwa hulijui, na wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia.

Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na kunde, nimempakulia, nimekaa mbele yake kwenye kibao kama kawaida, mimi na saumu yangu. Uchungu ukampanda siku ile kuliko siku zote. Barafu iliyeyuka mkononi mwake, matone yakaingia kwenye mkeka. Nikasema, naona barafu imekwisha. Nikasema, pumua. Haukushuka. Akawa ananitazama midomo yangu, imekauka, ulimi wangu unanata nikisema. Na wakati huo huo sauti ya Rama ikapanda msikitini akiadhini.

Mwanasaumu akaniambia, "Mama, wewe usipokula unapata thawabu. Mimi nisipokula naitwa mgonjwa. Tumbo ni hili hili. Niambie tofauti."

Yako majibu, nayajua, na wewe ungempa kwa aya. Mimi nilimwona tu anasukuma sahani, na nikaona kwamba ikifika mwisho wa mkeka hairudi, wala kesho hairudi. Nikanyoosha mkono, nikasema bismillahi, nikakata tonge katika sahani yake nikala.

Sikuwa mgonjwa, dada. Sikuwa safarini, sikuwa katika siku zangu, sikusahau. Nilijua ni mchana wa Ramadhani, nilijua ni Ijumaa, na sauti niliyokuwa nikiisikia ni ya mume wangu akiita watu kwenye swala. Nikameza. Nikakata la pili.

Mtoto alinitazama kama mtu aliyeona nyumba inaanguka. Kisha akaurudisha mkono kwenye sahani. Tukala pamoja mpaka chini, tukigongana vidole, yeye analia na mimi nalia, na kunde hatujui zilikuwa na chumvi au hazina.

Tulipomaliza akaniwekea maji nikanawa. Akaniambia, "Usirudie, Mama. Mimi sitaki ubebe na hili. Kesho wewe ufunge, mimi nitakula." Na kesho yake alikaa. Uchungu ulimpanda, nikauona, akashika barafu yake, akangoja, akala. Si yote, lakini alikula bila ya mimi, na mimi nilikuwa nimefunga. Siku nyingine zilizofuata ziko zilizokuwa nzuri na iko moja iliyokuwa mbaya. Sitaki kukudanganya kwamba amepona. Bi Pascalia anasema njia bado ni ndefu.

Tangu Ijumaa ile natubu kila swala. Siku ile nitailipa, na kama kuna zaidi ya kulipa nitauliza nilipe. Rama sijamwambia. Nataka nimwambie baada ya Idi, na naogopa. Nimejiuliza kama nilitenda kwa akili au kwa hofu tu, na sijui. Ninalojua ni kwamba nilikosa mbele ya Mola wangu, na kwamba mtoto wangu alikula. Nimejaribu kulitupa moja nibaki na moja, nikashindwa. Yote mawili nimekaa nayo.

Kwa hivyo dada yangu, wewe uliyenishika mkono kunipeleka chuoni nikiwa sijui kufunga leso, nakuomba haya. Njoo Idi, usiache kuja. Lakini usiondoke na Mwanasaumu. Usimfungishe, hata kwa nia njema, hata siku moja. Ukimwona usimwambie amekonda wala usimwambie amenenepa, mwulize habari za kitabu anachosoma. Mkikaa kula, kula na zungumza, usimhesabie. Na ukiwa na hasira nami, nami nastahili hasira hiyo, tuingie chumbani tufunge mlango uniambie yote. Nitasikiliza kama mdogo wako. Uani, kwenye mkeka wake, usiseme.

Nikwambie na jambo jingine. Bi Pascalia amenikataza kumkodolea Mwanasaumu macho anapokula, ati macho ya mama ni mazito kuliko tonge. Mimi siwezi kukaa mbele yake bila kuhesabu, ndivyo nilivyo. Basi leo nimechukua karatasi hizi nikakuandikia wewe, ili macho yangu yawe na pa kwenda. Tuko uani sasa hivi. Moshi umeniingia machoni, ndiyo hati imepotoka hapa. Yeye yuko upande wa pili wa mkeka, na tangu nilipoandika habari za Ijumaa sijainua kichwa.

Nisalimie shemeji sana, na wanafunzi wako, na Bi Nyevu wa jirani ukimwona mwambie mbegu zake za mchicha zimeota. Tuombee dua katika usiku ule mtukufu unaotafutwa kumi hili, na mimi nakuombea. Mwanasaumu anasema, shikamoo mama mkubwa. Amesema sasa hivi, sauti yake ina chakula ndani yake.

Nasikia anamimina maji ya kunawa. Sijatazama sahani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Mama Mwanasaumu